Kabla ya Kusawazisha Kabureta Mbili za Pikipiki ya Zamani

Kusawazisha kabureta mbili, yaani kuzifanya ziipe kila silinda mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kiasi kilekile, hakuchukui muda mrefu. Kinachokula siku ni maandalizi, na hayo ndiyo wengi huyaruka. Pikipiki ikianza kutetemeka na kukohoa, bisibisi inaingia kwenye skrubu za kabureta papo hapo, na ugonjwa uliokuwa kwenye valvu au pointi (swichi ndogo za kuleta cheche ya plagi) unafichwa badala ya kutibiwa.

Hapa Uganda mafundi wengi wamekomaa kwenye pikipiki za bodaboda kama Bajaj Boxer: silinda moja, kabureta moja, hakuna cha kusawazisha. Kwa hiyo ukiwa na mashine ya silinda mbili, tuseme Yamaha XS650 iliyofungwa Mikuni VM34 badala ya kabureta za kiwandani, ni vizuri ujue mwenyewe nini kiwe tayari kabla fundi hajafika. VM34 kila moja huvutwa na waya wake, na slaidi, kizibo kinachofungua njia ya hewa, inapanda moja kwa moja kadiri unavyokunja mkono wa mafuta. Waya mmoja ukitangulia mwingine hata kidogo, silinda moja inafanya kazi na nyingine inaburutwa.

Anza na injini. Tapeti, yaani nafasi za valvu, zisetiwe injini ikiwa imepoa kabisa, kwa vipimo vya kitabu cha mwaka wa pikipiki yako, maana vipimo hivyo vilibadilika. Kisha pointi, kisha taimingi (wakati wa cheche kuwaka), kila upande peke yake. XS650 za mwanzo zina seti mbili za pointi, moja kwa kila silinda. Upande mmoja ukichoma mapema, geji za vakyumu, zinazopima mvuto wa hewa wa kila silinda, zitaonyesha tofauti ambayo hakuna skrubu ya kabureta itakayoiondoa. Pima na kompresheni (mgandamizo wa silinda): injini iwe na moto, plagi zote nje, mkono wa mafuta umekunjwa mpaka mwisho. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, ahirisha habari ya kabureta, tafuta kwanza valvu au ringi iliyochoka.

Halafu hewa ya wizi, ile inayoingia bila kupitia kabureta. Mipira inayoshika kabureta kwenye kichwa cha injini hukauka na kupasuka, mara nyingi upande wa chini usioonekana. Ifungue, ikunje kwa kidole gumba, uiangalie kwenye mwanga. Ikionyesha mistari, nunua mipya. Gundi haifai hapo.

Kwenye kabureta zenyewe, usiamini kwamba jozi mpya imetoka boksini ikiwa sawa. Nakala za bei nafuu zimejaa sokoni, na zinafanana na halisi mpaka uzifungue. Toa jeti zote (vitundu vya kupimia petroli) usome namba: upande wa kulia na wa kushoto lazima zilingane, na sindano ziwe na klipu kwenye mfuo uleule. Pima kimo cha floti (maboya ya petroli) zote mbili. Hakikisha pistoni ndogo za choki zinashuka mpaka chini, maana moja ikining'inia upande huo utakuwa unakunywa petroli bila kukoma. Skrubu za hewa zifunge polepole hadi ziguse, kisha uzirudishe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu.

Jambo moja la kwetu: Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa. Jeti kubwa iliyopendekezwa na mtu wa pwani huenda ikawa nono mno kwako, yaani itoe petroli nyingi kuliko hewa inavyohitaji, na ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, itazidi. Geji za vakyumu nazo zitasoma chini ya namba za vitabuni. Usihangaike kuifikia namba ya kitabu. Unachotafuta ni pande mbili zilingane.

Kuhusu geji, angalia kwanza kama shingo za kuingizia hewa kwenye injini zina vitundu vya kuchomekea mipira ya geji. Zisipokuwa navyo, ni kazi ya fundi wa mashine ya kukereza, ifanywe kabla na chembe za chuma zisafishwe zote. Kisha zijaribu geji zenyewe: chomeka moja kwenye silinda, soma, itoe, chomeka ya pili palepale. Zikisoma tofauti, ikumbuke tofauti hiyo.

Tangi litabidi litoke, kwa hiyo tayarisha chupa ndogo ya petroli yenye mpira na koki, uitundike juu ya kabureta, mbali na bomba la moshi. Petroli ichujwe, na itoke kituo unachokiamini. Iliyochanganywa na mafuta ya taa haitakupa injini iliyotulia. Fanya kazi nje, moshi ule unaua. Weka feni mbele ya injini, kwa sababu hupozwa na upepo wa mwendo na hapo imesimama. Kizima moto kiwe karibu na mkono.

Kabla ya kuwasha, linganisha slaidi kwa mkono. Chukua biti mbili za dreli zenye unene mmoja, milimita 3 zinatosha, ubane moja chini ya kila slaidi. Kunja mkono wa mafuta taratibu sana. Zikidondoka pamoja, waya ziko sawa. Moja ikitangulia, rekebisha waya, si skrubu ya kuzuia slaidi.

Mwisho washa, injini ipate moto, na uzungushe usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Injini ikipandisha sauti yenyewe, waya umebanwa mahali. Zima, upitishe njia nyingine, ndipo uchomeke geji.