Karatasi za watoto kabla ya kupanda meli Galveston

Majuzi nilikaa mpaka usiku mezani kwa dada mmoja wa hapa Houston, karatasi zimetandazwa katikati ya sahani za wali. Alishalipia safari ya meli ya kitalii kutoka bandari ya Galveston, Texas, kwenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, yeye, mume wake na watoto watatu, na alidhani kilichobaki ni kufunga mabegi. Mtoto wa kwanza amezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Wawili wadogo wamezaliwa Texas. Naandika tulivyofanya, kwa sababu familia zetu nyingi zina watoto wa namna hiyo hiyo chini ya paa moja.

Hatua ya 1: Jua kila mtoto ana uraia gani

Aliyezaliwa Marekani ni raia, hata kama wazazi bado wana grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Hapo hakuna kazi.

Aliyezaliwa nje, uliza hivi: ana grinikadi? Hajafika miaka 18? Anaishi na mzazi ambaye ni raia na ana haki ya kumlea? Yote yakiwa ndiyo, mtoto huyo tayari ni raia. Sheria hiyo inafanya kazi tangu tarehe 27 Februari 2001, na mtoto haitwi kula kiapo. Mama yule alikuwa ameapishwa miaka miwili nyuma na hakujua kwamba kijana wake wa miaka 12 alikuwa raia tangu siku ileile. Ushahidi wa haraka ni pasipoti. Watu watakuelekeza kwenye fomu N-600 ya kuomba cheti cha uraia, ambayo ada yake inapita dola 1,000. Mimi nasema pasipoti kwanza. Beba grinikadi ya mtoto, cheti halisi cha uraia cha mzazi, na hati inayoonyesha kwamba huyo ni mtoto wako. Watoto wa kambini mara nyingi hukwama kwenye hati hiyo ya mwisho, kwa hiyo itafute kabla hujalipia safari.

Mtoto mkimbizi ambaye bado hana grinikadi asitoke nje ya nchi bila hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131. Kama hana, safari isubiri.

Hatua ya 2: Cheti cha kuzaliwa au pasipoti?

Meli ikianza na kumaliza safari katika bandari moja ya Marekani, raia wa chini ya miaka 16 aliyezaliwa Marekani anaruhusiwa kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa. Kiwe cha serikali. Kile cha hospitali chenye alama za nyayo za mtoto hakikubaliki, hata kiwe kizuri namna gani. Akishafikisha miaka 16, lazima awe pia na kitambulisho chenye picha.

Pamoja na ruhusa hiyo, mimi nasisitiza pasipoti, tena ya kitabu. Mtoto akiugua Cozumel na mkashushwa melini, mtarudi kwa ndege, na ndege ya kimataifa haipandwi kwa cheti cha kuzaliwa. Kadi ya pasipoti ni rahisi lakini nayo haifai kwa ndege hiyo. Sitaki kumwona mzazi amesimama hospitali ya ugenini na mtoto mwenye homa, huku anapiga simu kutafuta hati.

Hatua ya 3: Fomu, picha, ada

Fomu ya kuomba pasipoti ni DS-11. Jaza, usisaini mpaka karani akuambie. Picha ya inchi 2 kwa 2, ukuta mweupe, bila miwani. Ada ni dola 100 za pasipoti na dola 35 za ofisi inayopokea maombi, zinalipwa kila moja peke yake. Weka miadi posta au maktaba mapema. Mtoto mwenyewe naye lazima awepo.

Hatua ya 4: Ridhaa ya mzazi asiyekuwepo

Hapa ndipo tulipopoteza siku mbili nzima.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 16, wazazi wote wawili wanatakiwa wafike na mtoto. Baba wa watoto hawa anaendesha lori la masafa marefu, na siku ya miadi alikuwa barabarani. Mzazi asiyeweza kufika anajaza fomu DS-3053 ya ridhaa, na anaisaini mbele ya notari, yaani mtu aliyeidhinishwa kisheria kushuhudia saini.

*Mbele ya notari.* Baba alikuwa ameisaini usiku jikoni kabla ya kuondoka, kwa nia njema kabisa, ili kuokoa muda. Notari aliikataa, kwa sababu kazi yake ni kushuhudia kalamu ikitembea. Ikabidi kuchapisha upya, fomu moja kwa kila mtoto, na baba atafute notari mwingine alikokuwa.

La pili ni nakala ya kitambulisho. Fomu inaambatana na nakala ya kitambulisho kilekile alichomwonyesha notari, mbele na nyuma. Tulikuwa na mbele tu. Namkumbuka karani wa posta akiigeuza ile karatasi, anakuta upande wa pili mweupe, anaigeuza tena, kisha anaturudishia bahasha yote bila neno. Miadi ikapotea. Tangu siku hiyo nachapisha pande zote mbili za leseni kwenye ukurasa mmoja.

La tatu, fomu ikishasainiwa ina miezi mitatu tu. Usiisainishe Januari kwa miadi ya Mei. La nne, tuma karatasi yenyewe kwa posta. Picha ya WhatsApp haitoshi kumpa karani.

Kama mzazi mwenzio yuko Dar es Salaam, Bukavu au Muscat, anza mapema zaidi. Kuna nchi ambazo saini hiyo lazima ithibitishwe ubalozi wa Marekani, kwa hiyo aulize ubalozi kabla hajamlipa wakili. Kama amefariki, peleka cheti cha kifo. Kama mahakama imekupa malezi peke yako, peleka hukumu. Kama hajulikani alipo, kuna fomu DS-5525, na hapo eleza kwa kirefu ulivyomtafuta.

Hatua ya 5: Cheti kinaondoka

Ofisi inachukua cheti halisi cha kuzaliwa, inakituma pamoja na maombi, na kinarudi baadaye kwa bahasha nyingine. Ukiomba pasipoti wiki chache kabla ya safari, unaweza kufika bandarini huna pasipoti wala cheti. Mimi huagiza vyeti viwili vya serikali kwa kila mtoto kabla ya kuanza. Hapa Texas kimoja ni dola 22. Hakikisha kinaonyesha majina ya wazazi wote wawili. Kimoja kinaenda, kimoja kinabaki kabatini.

Hatua ya 6: Majina

Kwetu mtoto hubeba jina la baba au la babu, na mama ana ukoo wake. Kwa karani wa bandari hao ni watu watatu wasiohusiana. Jina la mtoto kwenye tiketi lifanane na hati yake, herufi kwa herufi. Mama akisafiri bila baba, awe na barua ya ruhusa iliyothibitishwa na notari, yenye tarehe za safari, jina la meli na simu ya baba, na abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa hata kama mtoto ana pasipoti.

Siku ya kupanda

Mabegi makubwa yanachukuliwa na wapagazi nje ya jengo, na yanafika chumbani saa kadhaa baadaye. Hati zote ziwe kwenye mkoba wa begani wa mama, kila mtoto na bahasha yake yenye jina juu.