SOMO: Freshman mpaka senior, na herufi kubwa zinakokaa

Ukijaza fomu ya chuo cha Marekani, au ukitafsiri wasifu wa mtu aliyesoma kule, utakutana na maneno manne ya miaka ya masomo yasiyo na namba hata moja. Tuanze na mpangilio, herufi zifuate.

Hatua ya 1. Panga hivi: freshman, sophomore, junior, senior. Yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. High school ya kule huwa darasa la 9 hadi la 12, na shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka minne, ndiyo maana maneno ni yale yale kotekote. Mtu akikwambia "I'm a junior", anaweza kuwa darasa la 11 au mwaka wa tatu chuoni. Muulize.

Hatua ya 2. Andika kwa herufi ndogo: She is a sophomore. Mimi niliwahi kuandika "Sophomore" mara tano kwenye barua moja ya maombi, nikidhani ndiyo heshima. Msahihishaji akazungushia kila S wino mwekundu. AP na Chicago, miongozo miwili maarufu ya uandishi wa Kiingereza cha Marekani, ambayo haikosi ya kubishania, kwenye hili iko upande mmoja.

Hatua ya 3. Herufi kubwa inakuja neno likigeuka jina. Fikiria "mwalimu" na "Mwalimu Nyerere". Ukisema senior prom (sherehe ya dansi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho) kwa jumla, ni ndogo. Senior Prom 2025 kwenye tiketi ni jina la sherehe yenyewe. Class of 2027, yaani kundi la wanaohitimu mwaka huo, nayo vyuo vingi huiandika kama jina.

Hatua ya 4. Ninth grade ni herufi ndogo. Namba ikija nyuma, wengi huandika Grade 9.

MASWALI YA WANACHAMA

Freshman au freshmen?
Mmoja ni freshman, wengi ni freshmen. Lakini kundi lao ni freshman class, hata wakiwa elfu. Vyuo vingi siku hizi vinapendelea first-year.

Kwa nini kompyuta inanipigia mstari mwekundu kwenye "sophmore"?
Umeandika ulivyosikia. Wamarekani wengi wanapotamka, o ya katikati inamezwa, ila kwenye maandishi ipo: soph-o-more.

Junior high ni shule ya hao wa mwaka wa tatu?
Hapana, na hapa wamewachanganya watu kweli. Ni shule inayotangulia high school, mara nyingi darasa la 7 na la 8, pengine na la 9.

Nimeanza chuo 2023. Mimi ni Class of 2023?
La. Mwaka huo ni wa kuhitimu, si wa kuingia. Ukienda miaka minne bila kukwama, wewe ni Class of 2027.