Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi

Chukua kalamu, uandike tarehe ya leo kwenye pakiti ya chumvi unayoifungua. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ninayowapa kina mama ninaowatembelea hapa Tanga nikiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mambo ya presha tunayazungumza baadaye. Ukimwuliza mtu kama anakula chumvi nyingi, atakwambia "kidogo tu", na anaamini hivyo kwa moyo wake wote. Basi tuiulize pakiti.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Humo imo pia ya mkate, ya chipsi na ya samaki mkavu. Nyumba ya watu wazima watano, basi, mwisho wao ni gramu 25. Pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20, na kama humo kuna watoto ikae zaidi, maana kiasi chao ni kidogo. Ikiisha siku ya kumi na mbili, umeshapata jibu bila kugombana na mtu.

Sasa tafuta inakopotelea. Kopo la chumvi liondoke mezani au mkekani leo hii, kwa sababu wengi hunyunyiza hata kabla ya kuonja. Kisha angalia mkono wako jikoni. Anayechota kwa vidole vitatu na anayechota kwa kiganja wote husema "nimetia kidogo". Tumia kijiko cha chai, kile kile kila siku, na utie chumvi chakula kikikaribia kuiva.

Vidonge vya mchuzi ni chumvi pia. Ukitia kidonge, usitie chumvi juu yake. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha, ingawa ulimi hauoni ukali wake. Maharage na makande yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uchemshe kwa maji mapya. Yataiva bila magadi, na mkaa hautaisha sana.

Kwa sisi watu wa pwani, kazi kubwa iko kwenye papa na ng'onda, samaki wetu wanaokaushwa kwa chumvi. Sisemi tuache, mchuzi wa papa wa nazi ni chakula chetu. Papa huyo mkatekate vipande vidogo, mloweke kwenye maji mengi, ubadilishe maji mara mbili au tatu. Mchemshe kidogo, umwage na hayo, halafu umwonje. Ndipo uunge kitunguu, nyanya, bizari, ukwaju au embe bichi, umalizie kwa tui. Chumvi usitie kabisa, aliyonayo inatosha.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia, "Mwanangu, chakula chapwa hakishuki." Nikamjibu, "Ni kweli baba, lakini kamulia ndimu kwanza, kisha uonje." Ndimu, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi hukoleza chakula kweli kweli. Nawe usipunguze yote kwa siku moja, watu watasusa sahani. Punguza robo ya kijiko, ukae nayo wiki mbili, upunguze tena. Ulimi huzoea.

Chumvi unayobakiza iwe yenye madini joto, maana ndiyo inayotukinga na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Ifunike vizuri, iwe mbali na jua na mvuke wa sufuria.

Haya yote hayachukui nafasi ya kipimo. Presha huweza kukaa mwilini miaka bila kichwa kuuma, mpaka siku ya kiharusi. Kapime zahanati hata kama unajisikia mzima. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo, kisha ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono uko mezani usawa wa moyo. Anayekupima akikuwahi ukiwa bado unahema kwa kutembea, mwombe akusubiri. Ni haki yako. Namba ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, rudi siku nyingine ipimwe tena, na ukiwa na daftari dogo uandike kila kipimo na tarehe yake ili daktari aone mwenendo.

Mwenye dawa aendelee kumeza hata namba zikishuka. Kupunguza vidonge ni uamuzi wa daktari, na vidonge vya jirani usivimeze hata kama presha zenu zinalingana. Daftari lile na pakiti yenye tarehe njoo navyo kliniki, tuvitazame pamoja.