Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhamishia Studio Yako Kwenye Linux

Prodyuza anayetaka kuachana na programu zilizovunjwa leseni na kuhamia kwenye programu huria anafanya uamuzi mzuri, nami namuunga mkono kwa moyo wote, lakini uamuzi huo usitekelezwe Ijumaa usiku ilhali kwaya inakuja kurekodi Jumamosi asubuhi. Nimeendesha studio ndogo hapa Morogoro kwa Linux, yaani mfumo endeshi huria unaoshika nafasi ya Windows, kwa miaka kadhaa sasa, na laiti ningeyajua haya kabla sijafuta diski yangu ya kwanza, ningeokoa muda, fedha na heshima mbele ya wateja. Yasome yote kabla hujagusa kompyuta.

Anza kwa kumaliza kazi zilizo mezani. Mradi wa FL Studio au Cubase haufunguki ndani ya Ardour, programu huria ya kurekodia utakayoitumia kwenye Linux, kwa hiyo kila wimbo ambao mteja anaweza kuurudia utolewe traki moja moja katika mafaili ya WAV, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama sauti yenyewe inaingia dakika ya pili, na kasi ya wimbo iandikwe kwenye jina la folda.

Kisha ipime kadi yako ya sauti kabla ya kuchagua mfumo. Kadi za USB zinazofuata kiwango cha pamoja cha sauti hufanya kazi kwenye Linux bila draiva ya ziada, na njia rahisi ya kuitambua kadi ya namna hiyo dukani ni kuuliza kama inakubali kwenye iPad bila kusakinisha kitu. Ikiwa inakubali, uwezekano ni mkubwa kwamba Linux nayo itaipokea. Usiishie kwenye maneno ya muuzaji, hata hivyo. Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta, kwa hiyo iwashe hivyo, chomeka kadi, fungua dirisha la amri na uandike arecord -l uone kama jina la kadi linatokea, kisha rekodi dakika kumi kutoka kwenye kila tundu la maikrofoni na usikilize kwa hedifoni hadi mwisho. Zipo kadi ambazo sauti hupita vizuri, lakini mipangilio yake ya ndani, kama vile kuchagua sauti ipi iende kwenye hedifoni za mwimbaji, huendeshwa kwa programu ya Windows au Mac pekee. Ni heri uligundue hilo ukiwa peke yako kuliko mwimbaji akiwa amesimama mbele ya maikrofoni akilalamika kwamba haisikii sauti yake.

Kuhusu mfumo endeshi wenyewe watu hubishana sana, na wengi hubishania mambo yasiyo na uzito, kwa sababu Ardour utakayoikuta kwenye aina za Linux kama Ubuntu Studio, Fedora Jam, AV Linux au Debian ni programu ile ile. Tofauti inayoigusa studio ni muda ambao toleo moja hutunzwa bila kubadilishwa chini ya miguu yako. Ubuntu Studio, iliyoanza kutolewa mwaka 2007, hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na hulitunza kwa miaka mitatu. Matoleo yake ya katikati hutunzwa miezi 9 tu. Fedora hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita na kulitunza kwa miezi 13 hivi. Arch, aina nyingine ya Linux, haina matoleo kabisa, bali kila programu hubadilika kadiri inavyotoka kwa watengenezaji. Anayejifunza nyumbani na achague anachokipenda. Anayepokea fedha za watu achague toleo la muda mrefu la Ubuntu Studio, au Debian, na sababu nitaieleza mbele kidogo kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza.

Habari za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, zisikutishe. Zamani ilibidi mtu atafute kerneli maalumu yenye viraka vya muda halisi, yaani marekebisho yanayofanya sauti ihudumiwe bila kuchelewa; tangu toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024, uwezo huo umo ndani ya Linux yenyewe, ingawa anayeiunda kerneli ndiye anayeamua kuuwasha, na kwa studio nyingi hata kerneli ya kawaida inatosha. Kilicho muhimu zaidi ni ruhusa: mtumiaji lazima awe kwenye kundi linaloruhusiwa kuipa sauti kipaumbele, ambalo aghalabu huitwa audio, la sivyo utasikia mikatiko ukadhani kompyuta ni dhaifu. Wakati wa kurekodi weka bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128, ambayo kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 2.7 hivi kwa kila mzunguko; wakati wa kumiksi ipandishe hadi 1,024, yaani milisekunde 21, ili prosesa ipumue. Ikiwa mfumo wako unatumia PipeWire, inayopitisha sauti kati ya programu na kadi, kama mifumo mingi mipya inavyofanya, programu zilizoandikwa kwa ajili ya JACK, iliyokuwa ikifanya kazi hiyo zamani studioni, zitafanya kazi humo pamoja na zile za kawaida, kwa hiyo maelekezo mengi ya zamani ya kuwasha JACK kwa mkono yamepitwa na wakati. Angalia tarehe ya maelekezo kabla hujanakili amri hata moja.

Programu ya kurekodia iwe Ardour, na kwa biti jaribu LMMS na Hydrogen. Msimbo wa Ardour uko huru chini ya leseni ya GPL, lakini ile iliyokwisha kuundwa na watengenezaji wenyewe hulipiwa, na nakala yao ya majaribio hunyamaza baada ya dakika kumi. Iliyomo kwenye ghala la programu la Debian au Ubuntu ni kamili na haidai malipo. Unapoingiza biti kutoka kwenye flashi ya msanii, chagua kunakili mafaili ndani ya mradi, kwa maana usipofanya hivyo mradi utaendelea kuitafuta flashi ambayo mwenyewe ameshaondoka nayo. Tena usisakinishe Ardour kwa njia ya Flatpak halafu plagini (vijiprogramu vya sauti vinavyofunguliwa ndani ya Ardour) kwa njia ya apt, yaani kutoka kwenye ghala la mfumo, kwa kuwa programu ya Flatpak imefungiwa chumbani mwake na haizioni plagini zilizo nje.

Sasa plagini. Programu huria hazina uhaba wa vifaa: LSP na x42 zinakupa kompresa na visawazishi vya kutosha kazi yoyote, Dragonfly inatoa mwangwi wa ukumbi unaopendeza kwa sauti za waimbaji wengi, setBfree inaiga kinanda cha Hammond, na Surge XT, iliyokuwa ya kuuzwa hadi msimbo wake ulipofunguliwa mwaka 2018, ni sintesaiza inayoweza kusimama mbele ya zile za bei kubwa. Plagini zinazolindwa kwa iLok zisahau kabisa, maana iLok haitumiki kwenye Linux. Za Windows zisizo na ulinzi huo huweza kupitishwa kwa Wine na yabridge, programu za kuendeshea vitu vya Windows ndani ya Linux, nazo nyingi hufanya kazi, lakini kazi ya mteja usiitegemeze hapo, kwa sababu Wine ikisasishwa madirisha ya plagini hizo huweza kuharibika siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo pa kuketi na kusoma polepole. Kwaya moja ya kanisani ilirekodi kwangu albamu ya nyimbo kumi, na mpiga kinanda wao, kijana mwenye sikio kali, aliipenda sauti ya plagini moja ya kinanda cha kanisa ambayo nilikuwa nimeiunda mwenyewe kutoka kwenye msimbo, kwa kuwa haikuwemo kwenye ghala la mfumo wangu. Alikaa nayo jioni mbili akirekebisha filimbi moja moja hadi ikafanana na kinanda cha kanisani kwao. Albamu ikaisha, wakalipa, tukaagana vizuri. Miezi michache baadaye likatoka toleo jipya la mfumo niliokuwa nautumia, nami kwa uchu wa vitu vipya nikanakili folda za miradi kwenye diski ya nje, nikafuta kila kitu na kusakinisha upya usiku mmoja.

Ulipopita mwaka na zaidi, mwalimu wa kwaya alinipigia simu. Walikuwa wanajiandaa kupiga video, na mtunzi alikuwa amegundua kwamba neno moja la beti la tatu katika wimbo uliobeba albamu liliimbwa isivyo, akataka beti lile lirudiwe. Nikamwambia hiyo ni kazi ya nusu saa, waje Alhamisi. Wakaja watu wanane kwenye Noah ya kukodi. Nilipoufungua mradi, Ardour ikanieleza kwamba plagini ile haipo, na kwa kuwa traki ya kinanda ilikuwa na noti za MIDI tu, yaani maagizo ya noti zipi zipigwe, bila sauti iliyorekodiwa, wimbo mzima ulikuwa waimbaji na ngoma bila kinanda. Nilijaribu kuiunda plagini upya mbele yao, ikakataa, kwa sababu maktaba ya msimbo ambayo plagini iliitegemea ilikuwa imeondolewa kwenye mfumo mpya. Mwandishi wake alikuwa ametoa toleo jipya, lakini alikuwa amebadilisha kitambulisho chake, na plagini za muundo uitwao LV2 hutambulikana kwa kitambulisho hicho, wala si kwa jina linaloonekana kwenye skrini, kwa hiyo mradi wangu uliihesabu kuwa ni plagini nyingine kabisa na haukuirudishia mipangilio yake. Wimbo uliokamilika nilikuwa nao, naam, lakini sauti za watu haziwezi kuondolewa humo kama mawe yanavyochambuliwa kwenye mchele.

Niliwarudisha, nauli nikalipa mimi. Nilikesha siku nne nikitafuta sauti inayokaribia ile, na mpiga kinanda ambaye angeweza kunisaidia alikuwa ameshahamia Tabora. Waliporudi kurekodi, mwalimu alisikiliza sekunde chache tu akasema, “Kaka, hicho si kinanda chetu.” Aliipokea kazi kwa sababu ya tarehe ya video, na tangu siku hiyo hawajarudi.

Kwa hiyo plagini usiichague kwa uzuri wa sauti peke yake. Uliza kama imo kwenye ghala la mfumo uliouchagua, angalia msimbo wake ulirekebishwa lini mara ya mwisho na unatunzwa na watu wangapi, na kama ni ya mtu mmoja aliyenyamaza miaka mitatu, itumie ukijua hatari yake. Ukiunda plagini mwenyewe, hifadhi msimbo uliouundia pamoja na mradi. Kabla ya kumkabidhi mteja kazi, kila traki ya MIDI irekodiwe kuwa sauti ndani ya mradi, mara moja ikiwa kavu na mara nyingine ikiwa na mwangwi wake, na traki zote zitolewe kwa WAV kama nilivyosema juu ya kazi za zamani. Nafasi ya diski ni nafuu kuliko Noah ya kukodi. Andika faili fupi lenye jina la mfumo, toleo la Ardour na orodha ya plagini zenye namba za matoleo yake. Toleo jipya la mfumo likitoka, lisakinishe kwenye diski nyingine, fungua humo miradi mitatu ya zamani na uisikilize yote hadi mwisho.

Mengine ni ya kawaida lakini yasipuuzwe. Nunua UPS, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kurekodi huweza kuharibu faili. Zima usasishaji wa kujiendesha wiki ya kazi, kisha usisahau kuuwasha kazi ikiisha. Kubalianeni na prodyuza mwenzako kuhusu kasi ya sampuli, 44,100 au 48,000 kwa sekunde, kabla ya kutumiana traki. Faili la kusakinishia mfumo ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo likishashuka lihakiki kwa namba zake za SHA256, zinazoonyesha kama limeshuka bila kuharibika, na ulitunze, usije ukalipakua tena kwa bando siku ya dharura. Nakala ya akiba iwe kwenye diski isiyolala ndani ya studio. Na ile diski yenye mfumo wako wa sasa ichomoe, iandike tarehe kwa kalamu na uiweke kabatini kwa mwaka mzima kabla ya kuifuta.