Anza na sukari ya chai
Wataka kupunguza sukari? Kabla hujayasusa mahamri, hebu hesabu sukari ya chai. Mie nilikuwa natia vijiko vitatu kila kikombe: asubuhi, alasiri na baada ya Isha. Kijiko kidogo ni kama gramu 4, kwa hivyo kutwa nilikunywa gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Na hapo sijagusa kashata wala juisi ya ukwaju!

Usikate ghafla, utarudi. Toa nusu kijiko, kaa wiki mbili ulimi uzoee, kisha toa nusu nyengine. Iliki na tangawizi usizionee choyo, zinaudanganya mdomo vizuri. Sasa natia nusu kijiko tu, na chai ya harusini yanishinda kwa utamu.

Hamri moja la moto kwa mbaazi za nazi halina neno. Shida ni lile la nne. Jioni shuka Mama Ngina, pale Mombasa, tembea kwa kasi nusu saa kandokando ya bahari. Ukifika kwenye mihogo ya kukaanga, agiza dafu.