Kukamata kumbukumbu iliyoachiwa mapema ndani ya QEMU
Ukishuku QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) inagusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, usingoje ianguke yenyewe. Ijenge upya kwa --enable-asan (huwasha AddressSanitizer, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu; matoleo ya zamani: --enable-sanitizers), washa mashine pepe, kisha kupitia QMP (njia ya kuipa QEMU amri) chomeka na uchomoe kifaa kwa device_add na device_del, tena na tena, huku diski au mtandao ukiwa kazini. Makosa mengi hujificha hapo: kifaa kimeondoka, lakini kuna taima inayokishikilia bado. Subiri DEVICE_DELETED kila mara; bila tukio hilo kifaa hakijatoka, unajidanganya.

AddressSanitizer hairudishi kumbukumbu iliyoachiwa papo hapo, huiweka karantini. Ikiguswa tu, programu husimama na kuonyesha msimbo ulioiomba mwanzoni na ulioiachia. Huo wa pili ndio dhahabu.

Karantini ikijaa (kawaida MB 256), kumbukumbu hutumika tena na kosa hupita kimya; ongeza kwa ASAN_OPTIONS=quarantine_size_mb=1024. Makosa ya KVM (sehemu ya Linux inayosaidia kuendesha mashine pepe) ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, hayaonekani kabisa; huko ni kazi ya KASAN, kikaguzi kama hicho cha kerneli. Na ndiyo, mashine itajikokota.