Jinsi ya kupiga filamu fupi ya majaribio kuhusu hofu ya miadi ya kwanza kati ya wanaume wawili

Mwongozo huu ni wa filamu ya dakika sita inayopigwa kwa simu hapa Kigoma. Mwanaume anajiandaa kukutana na mwanaume mwenzake waliyejuana mtandaoni, na sura haionekani hata moja. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa ngono kati ya wanaume, kwa hiyo mhusika hawazi tu kama atapendwa. Anawaza pia kama wa upande wa pili ni mtu kweli au ni mtego. Hofu hiyo ya pili ndiyo filamu yenyewe.

Hatua ya 1: makubaliano. Kila mshiriki ajue filamu itaonyeshwa wapi, na awe huru kujitoa hadi siku ya uhariri wa mwisho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali cha kupiga filamu na ukaguzi kabla ya maonyesho. Lizungumzeni kabla ya kushika kamera.

Hatua ya 2: sauti kwanza. Andika ukurasa mmoja wa meseji zisizotumwa. "Nimevaa shati la bluu." Inafutwa. "Nipo Kibirizi." Inafutwa. "Umefika?" Hiyo inabaki. Asome mtu mwingine, si mwigizaji. Usitegemee kuikoroga sauti kwa programu ili isitambulike, maana inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Rekodi kwenye chumba chenye godoro na mablanketi, kinasa sauti kikiwa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipasuke. Kisha rekodi dakika nzima ya ukimya wa chumba hicho.

Hatua ya 3: mipangilio. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni hezi 50. Ukipiga kwa fremu 30 na shata 1/60, baadhi ya taa huacha mistari inayotembea kwenye picha. Funga fokasi na mwanga visibadilike vyenyewe.

Hatua ya 4: picha. Kidole gumba kikiandika na kufuta: sekunde 40 bila kukata, ukiwa ubavuni. Punguza mwanga wa skrini hadi herufi zisomeke. Hatari iko pale skrini inapozima, kwani kioo cheusi kinaonyesha uso wa aliyeshika simu, na mara nyingine wako pia. Inamisha simu kidogo, tundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, urudie.

Piga pia pasi ya mkaa ikipita kwenye kola ileile mara tatu, nne. Ondoa pete, funika kovu na chale, geuza picha za ukutani.

Ukitaka taa za wavuvi wa dagaa ziwani, epuka siku za mbalamwezi. Mitumbwi mingi hupumzika. Tumia stendi, kwa sababu gizani mkono hautulii.

Hatua ya 5: uhariri. Panga sauti yote, ndipo uweke picha juu yake. Mlio wa meseji usikike mara moja tu, dakika ya tano. Wengi huurudiarudia, na mtazamaji akishauzoea hashtuki tena. Kabla yake weka sekunde kumi za giza tupu, chini yake ukimya wa chumba uliorekodi. Ukiacha sifuri kabisa, watu hudhani faili limeharibika.

Hatua ya 6: usafi wa faili. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, kwani video huhifadhi mahali ilipopigwa. Mazungumzo ya kwenye skrini yatoke akaunti ya kubuni, bila namba halisi. Ukimaliza, pitia fremu kwa fremu kila sehemu yenye kioo, sufuria au dirisha.